Mstari wa Pili

Ijumaa saa mbili asubuhi, chai ya mafundi ingali inafuka moshi, dereva Jolly aliirudisha ile Land Cruiser nyeupe ya mradi wa chanjo. Aliiingiza gereji kwa hasira mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Hakumsalimu mtu. Aliteremka, akazunguka mbele, akaipiga teke tairi ya kulia, kisha ya kushoto.

"Muone wenyewe," alisema. Jolly alikulia Uganda, na akikasirika Kiswahili chake kilikuwa kinamwishia njiani. "Wiki tatu tu! Three weeks! Tairi zilikuwa mpya, muzee. Mpya!"

Mafundi walisogea wakatazama. Tairi zote mbili zilikuwa zimeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, na upande wa nje mpira ungali mzima kama siku uliyonunuliwa. Sebagabo, fundi mkubwa wa gereji, naye akasogea, akainama, akatikisa kichwa kama wenzake. Tofauti ni kwamba yeye hakuona kitu. Aliona weusi wa tairi na weupe wa gari, na kati ya hivyo viwili ukungu kama maji ya kufulia nguo. Akapitisha kiganja juu ya mpira, na kiganja kikamweleza yote.

"Ni paralelizimu," alisema polepole.

"Najua ni paralelizimu!" Jolly akajibu. "Si ndiyo ulitengeneza?"

Jambo lenyewe si kubwa kwa anayelijua. Magurudumu ya mbele hayatakiwi kukaa sambamba kabisa. Yanatakiwa yatazamane kidogo, mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa unene wa sarafu moja, basi. Yakifunguka kwa mbele kama miguu ya bata, gari linatangatanga na tairi zinajisaga zenyewe upande wa ndani. Tangu arudi kutoka Goma, kazi hiyo ilikuwa ya Sebagabo. Alikuwa na chombo chake mwenyewe: bomba moja ndani ya jingine, kila mwisho umechomelewa nondo iliyosimama, na kwenye nondo ncha ya msumari. Na alikuwa na sarafu yake, makuta kumi ya Zaire. Nchi ilikwisha kubadili jina, na fedha hiyo hata ombaomba asingeipokea, lakini unene wake haukubadilika, na Sebagabo hakuhitaji kitu kingine kutoka kwake.

Mwenye gereji, Janvier, alitoka ofisini. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Goma, na alimwita Sebagabo Papa kwa sababu alimkuta akiwa fundi tangu yeye anavaa kaptula.

"Papa Sebagabo, hii gari ulitengeneza ni we ama ni mutu mwingine?"

"Ni mimi."

"Bon. Na hii ni mara ya ngapi inarudi?"

"Ya pili."

"Ya pili." Janvier alivuta pumzi. "Batu ya mradi banasema watapeleka magari yao Kigali, kule iko mashini ya kupima. Donc mi nitabaki na nini hapa? Nitatengeneza baiskeli?"

Janvier akachukua mita ya chuma mezani, ile ya kukunjuka, akamwekea mzee mkononi. "Weka kando ile bomba yako na ile makuta. Leo unapima mbele yangu. Siméon, shika upande ile. Papa, soma. Iko ngapi?"

Siméon, fundi wa pili, alishika ncha ya mita kwenye tairi ya kushoto. Sebagabo akapiga magoti kwenye tairi ya kulia, akaivuta mita, akainama karibu hadi pua ikagusa chuma. Alijua kwa uzoefu namba inavyopaswa kuwa. Akasafisha koo.

"Metre moja, na... makumi ine na moja na nusu."

Kisha Siméon akaja upande wake, akachuchumaa, na bila kusema neno akaigeuza mita katika vidole vya mzee. Sebagabo alikuwa akisoma mgongo wa mita, ule usioandikwa kitu.

Janvier alikuwa amemgeukia Jolly kumtuliza, hakuona. Siméon aliona. Mzee alisubiri aseme, na kijana hakusema, na kule kutosema kuliuma zaidi ya tusi. Mtu akikutusi unaweza kumjibu.

"Bon," Janvier alikata shauri. "Gari inalala hapa. Jolly ameleta tairi zingine mbili za mpya. Lundi, ile Jumatatu inakuja, saa mbili, bauguzi banapanda Kanama kwa chanjo, njia imetulia sasa. Papa, kama lundi hii gari haitembei sawa, magurudumu ya mbele ni ya Siméon. Na we utapumzika. Unaelewa?"

"Naelewa, patron."

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kupumzika kwa mtu wa namna hiyo watu wa hapa wanajua maana yake.

*

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Mbugangari, karibu na Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa Goma; ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Sebagabo aliikariri nyumba ile kama mtoto anavyokariri rozari. Kutoka mlangoni hadi mezani hatua nne. Thermosi kwenye kona ya meza, mpini umeelekea dirishani. Kigoda cha miguu mitatu kushoto kwa mlango, beseni la kunawa chini yake. Kabati la marehemu mama mkwe ukutani, hatua tatu kutoka kitandani. Hakuwahi kujikwaa nyumbani kwake hata siku moja, na kwa jambo hilo alijisifu moyoni. Alijiambia kuwa mwerevu hapotei kwake.

Mwaka uliopita alivuka mpaka peke yake akaenda kumwona daktari Goma, mahali ambapo hakuna ambaye angemwuliza anafuata nini. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema kilichokwisha kufa ndani ya jicho hakirudi, na kilichobaki kitakwenda polepole. Sebagabo alishukuru, akalipa, akarudi na kilo mbili za chumvi ili mkewe aamini alikwenda kununua chumvi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sebagabo aliijua methali hiyo tangu utotoni, kama sisi sote tunavyoijua tunapoficha yetu.

Mkewe Cansilde alikuwa mtu wa ziwani, muuza sambaza, wale dagaa wadogo, sokoni. Jioni ile alimtengea maharage na viazi, akaketi mkabala naye.

"Papa Uwitonze," alianza. Uwitonze ni binti yao, ameolewa Kanama. "Nimekutana na jirani Mukankusi kwa bomba ya maji."

"Ee."

"Anasema dimanche iliyopita, kwa misa, padri aliposema mupeane amani, alikunyooshea mukono. Ukamuacha nayo hewani."

Sebagabo alitafuna. Hakukumbuka mkono wowote. Angeukumbukaje? "Mwache aseme."

"Banasema siku hizi umeota pembe. Unapita batu njiani kama miti. Hata Habimana wa kinyozi, mulikula naye chumvi Goma miaka kumi na tano, anasema humusalimie tena."

"Mwache na yeye aseme."

Cansilde alinyamaza. Alimtazama kwa muda, na laiti Sebagabo angeuona uso ule usiku wake ungekuwa mwingine. Lakini yeye alisikia kimya tu, akakihesabu kuwa ni hasira. Ndivyo alivyokuwa akiishi kwa mwaka mzima: kila kimya alikihesabu kuwa hasira, kila kicheko cha mbali alidhani ni yeye anayechekwa. Kuitwa mwenye majivuno kulikuwa bei aliyokubali kuilipa. Mwenye majivuno anachukiwa, na bado ana kazi. Kipofu anahurumiwa, anakalishwa barazani, anapewa uji.

"Kwa gereji iko sawa?" mkewe aliuliza.

"Iko sawa kabisa."

Wakaendelea kula. Watu wawili, taa moja, na hakuna aliyesema alichokuwa nacho rohoni.

*

Jumapili, kengele ya parokia ilipoita mara ya pili, Sebagabo alisema kichwa kinamuuma. Cansilde akajifunga mshanana wake, lile vazi la kutupia begani, akaenda misa peke yake. Alipohakikisha hatua zake zimekwisha kukata kona, mzee alitwaa ufunguo wa gereji, ambao ulikaa kwake kwa haki ya ukubwa wa kazi, akatoka. Hatua mia sita na themanini, mara mbili kulia, mara moja kushoto. Mtu alisema "Muraho" njiani. Hakujua ni nani, wala hakujua kama salamu ni yake, akapita.

Gari lilikuwa linamngojea uani. Tairi mpya Siméon alikwisha kuzifunga tangu jana. Sebagabo alilipandisha mbele kwa jeki, akazungusha gurudumu la kushoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashikilia kipande cha ubao chenye msumari ili uchore mstari katikati ya mpira, duara zima. Akaja upande wa kulia, akazungusha, akachora. Akapitisha kidole. Je, umechoreka? Mpira mpya una mifereji yake, na kidole hakikuwa na hakika. Zamani angetazama tu. Basi, kama alivyozoea mwaka huu wote pale kidole kinaposita, akauweka ubao tena, akazungusha, akachora mara ya pili kwa nguvu zaidi, ili awe na uhakika.

Akalishusha gari, akalisukuma mbele kidogo ili magurudumu yakae yanavyokaa barabarani. Kisha ikafika kazi ya bomba, na hapo ndipo alipokwama. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anashikilia ncha ya kushoto kwenye mstari, mwingine anafunga ya kulia. Hakuna namna nyingine. Alijaribu kuegemeza upande mmoja kwa tofali, akatambaa kwenda wa pili, tofali likaanguka. Akarudi, akaegemeza kwa jiwe, akatambaa tena. Bomba likalia chini. Mara ya tatu aliishika ncha ya kulia, akanyoosha mguu chini ya gari akijaribu kuishikilia ya kushoto kwa kidole cha mguu. Mzee wa watu, na suruali ya Jumapili! Alilala pale mgongoni, akasikia nyimbo za misa zikija na upepo wa ziwani, watu mia tatu kwa sauti moja, akajiona mpweke kuliko siku zote za maisha yake. Machozi yakamtoka. Hayo macho hata yakiharibika, kulia yanajua.

"Shika yako," sauti ilisema. "Hii ya huku nimeishika."

Akashtuka, akagonga kichwa kwenye bamba la chini.

"Mama Uwitonze? Misa haijaisha."

"Haijaisha. Nimetoka kwa mahubiri, nyumbani nimekosa we na ufunguo." Alisikia nguo ikisuguana na changarawe, alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto. "Nimeweka ncha kwa mustari. Funga."

Mzee akafanya lililo karibu. Akatafuta mstari kwa ukucha, akaupata, akaingiza ncha.

"Ngoja," Cansilde alisema. Aliacha bomba, akazunguka, akainama karibu yake mpaka akasikia harufu ya sabuni na dagaa. "Hapa kwako mistari iko mbili."

"Nini?"

"Iko mbili. Moja huku, moja huku. Kati yake inaingia punje ya maharage. Wewe unashika ya gani?"

Sebagabo alibaki ameshika bomba. Wakati ule ule alielewa yote: nyuma alishika mstari mmoja, mbele akashika mwingine, na upana wa punje ya maharage ukalala kati yake na ukweli. Hivyo ndivyo tairi zilivyoliwa. Kwa wiki tatu wauguzi walipanda na kushuka milima ya Kanama kwenye gari alilolipotosha mwenyewe, kwa sababu ya kutaka uhakika.

"Wewe... unajua," alisema hatimaye.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ulimwaga chai kando ya kikombe, ukasema kikombe iko na tundu."

"Hiyo ni mwaka na zaidi!"

"Ndiyo. Mwaka na zaidi."

Hasira ilimpanda, hasira ya aibu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. "Na ukanyamaza? Ukaniacha nijifanye mujinga mbele yako kila siku?"

"We ulinyamaza ya kwanza," Cansilde alijibu. "Nikasema, bon, akitaka nijue ataniambia. Nikangoja. Unawaza ni kwa nini hujajikwaa kwako? Unawaza kile kigoda kinajirudisha chenyewe? Uwitonze alipokuja na mutoto kwa Noeli, nilimukataza hata kufagia. Thermosi, beseni, viatu yako, kila kitu. Mwaka muzima sijasogeza kitu kwa nyumba yangu mwenyewe, Papa Uwitonze. Kabati ya mama, mchwa inaikula miguu kwa nyuma. Naiona inaanguka. Nimeiacha, kwa sababu nikiisogeza utaigonga."

Sebagabo alifikiria werevu wake wote, zile hatua nne, zile hatua tatu, ule mpini ulioelekea dirishani. Alikuwa akidhani anaijua nyumba, kumbe kuna mtu aliyekuwa akiishikilia isitikisike, asubuhi na jioni, bila kuombwa na bila kushukuriwa. Akanyoosha mkono kuutafuta wake. Cansilde akaupeleka mkono ulipokuwa unatafutwa.

"Mustari wa nje," alisema mzee. "Tunashika ya nje, mbele na nyuma."

Wakafanya kazi. Nyuma wakapima, wakafunga parafujo ya bomba, wakalibeba hadi mbele. Pengo lilikuwa kubwa. Mzee akalegeza nati za fimbo inayounganisha magurudumu, akaizungusha robo, wakalisukuma gari, wakapima tena. Mara ya tatu sarafu ya makuta iliingia kati ya ncha na mstari, haikubana wala haikucheza.

"Nitakuwa nakuja kila siku saa sita na chakula," Cansilde alisema wakijifuta mikono. "Nikifika, unapima. Hakuna mutu atajua."

Mzee akaifuta sarafu kwa shati, akairudisha mfukoni.

*

Jumatatu saa mbili kasorobo, Jolly alikaa kwenye usukani, Janvier pembeni yake, wakatoka kwenda barabara ya lami inayofuata ziwa hadi Grande Barrière. Sebagabo alisimama uani na kusikiliza mngurumo ukipotea, kisha ukirudi. Siméon alikuwa karibu, akifuta spana ambazo zilikwisha kuwa safi.

"Muzee!" Jolly aliruka chini kabla gari halijasimama vizuri. "Nimeachia usukani kutoka hoteli mpaka pale polisi. Mikono juu, hivi! Inaenda tu. Straight!"

Janvier alicheka, akamkumbatia mzee mbele ya wote. "Papa yangu! Ndiyo maana nasema, mashini ya Kigali ni ya nini? Wauguzi wapande, Jolly, muende. Na mi nimesikia mradi iko na gari ingine, pick-up, imeshafika kwa mulango. Papa atapima hiyo sasa hivi. Kuanzia leo magari yote ya mradi ni mukono ya Papa."

Hapo ndipo mtu angesema Mungu ametenda, akaenda zake. Sebagabo alipiga magoti mbele ya pick-up iliyopandishwa jeki, akazungusha gurudumu, akachora. Akapitisha kidole. Kidole kikasema upo; kikapita tena, kikasita. Mkono wake ukauinua ubao wenyewe, kwa mazoea, ukaurudisha kwenye mpira, ukachora tena. Saa ile Cansilde alikuwa sokoni na beseni lake la sambaza, na saa sita ilikuwa bado mbali. Mzee aliwaza kabati lile linaloliwa nyuma huku mbele linang'aa. Alikuwa amechoka. Hakuogopa tena, alikuwa amechoka tu.

"Siméon," aliita, kwa sauti ambayo gereji nzima iliisikia. "Kuja hapa. Niambie, mistari iko ngapi?"

Siméon alikuja taratibu. Aliangalia tairi, akamwangalia mzee. "Mbili, Papa."

"Asante. Mi sioni hata moja."

Janvier alidhani ni utani. "Unasema nini, Papa?"

"Nasema sioni, patron. Macho imekufa. Ile gari ya Jolly, ni mimi niliiharibu. Na ile imetembea leo, ni mama Uwitonze ameona, mi nimekaza nati."

Watu wanadhani ukweli ukisemwa hadharani huleta ngurumo. Hauleti. Mtu mmoja alikohoa, mtu mwingine akaweka nyundo chini polepole. Janvier alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Tangu lini?"

"Mwaka. Na zaidi."

"Na magari yote hii... breki, volani ya kuendeshea... Mana yanje, Mungu wangu." Janvier alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na gereji. Alimshika mzee kiwikoni, akamsogeza pembeni, na alimshika vile mtu anavyoshika kitu cha kuvunjika; tangu siku hiyo kila mtu angemshika hivyo. "Papa, unanielewa. Batu wakisikia... Rudi kwa nyumba. Nitapita mwenyewe kukuona. Kesho usikuje."

"Naelewa."

Akatoa ufunguo akampa. Kisha akamwita Siméon, akatoa mfukoni ile sarafu ya makuta iliyolainika kwa miaka, akamwekea kiganjani. "Mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa unene ya hii. Isibane, isicheze. Ni hiyo tu."

Siméon aliishika, akaigeuza. Alikuwa kijana wa heshima. Akaurudisha mkono wa mzee, akamfunga vidole juu ya sarafu. "Ubaki nayo, Papa," alisema kwa upole. "Mi nasoma metre."

*

Alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, saa ambayo hakuwahi kuwa njiani siku ya kazi kwa miaka mingi. Mji ulikuwa umejaa. Wachuuzi walikuwa wakishuka kwenda Petite Barrière na mizigo vichwani, wapagazi wakifokeana, na kila uso ulikuwa ukungu uleule. Alikwenda karibu na ukuta. Kwa kinyozi alisikia mkasi ukilia kisha ukanyamaza, kama ulivyokuwa ukinyamaza kila alipopita. Zamani alidhani ni ukimya wa dharau, akaharakisha. Leo alisimama.

"Nani iko hapo?" aliuliza.

Akasogea hatua moja kuelekea mkasi ulipokuwa ukilia.

"Nauliza nani iko hapo, kwa sababu mi sioni tena. Mwaka mzima sioni. Sikukuacha kwa majivuno."

Mkasi ulianguka mezani. "Ni mi," sauti ya Habimana ilisema. "Ni mi, Sebagabo. Ni Habimana."

"Mwaramutse, Habimana."

"Mwaramutse neza."

Urafiki wa miaka kumi na tano uliokaa mwaka bila kumwagiwa maji haupati majani kwa salamu moja. Habimana alikuwa na mteja kichwa nusu kimenyolewa. Akasema atapita jioni, na labda angepita. Mzee akaendelea na safari. Akauliza tena kwa muuza mkaa, na kwa mwanamke aliyekuwa akianua nguo. Wengine walitaja majina yao. Wengine walinyamaza, na alisikia viatu vikijitenga naye. Mwanamke wa nguo alikuwa Mukankusi. Alipoelewa alianza kulia, akamshika kwa mkono ule ule uliowahi kuachwa hewani, na Sebagabo akasimama akingoja amalize, kwa kuwa hakujua bado namna ya kuhurumiwa.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Alifungua mlango, hatua nne hadi mezani, thermosi kwenye kona, mpini dirishani. Kila kitu mahali pake. Alisimama katikati ya chumba akasikiliza kimya cha asubuhi, na ndani ya kimya kile, nyuma ya kabati, akasikia kwa mara ya kwanza mchwa wakila. Akaweka bega kwenye kabati, akalisukuma hadi likaachana na ukuta, akapiga miguu yake ya nyuma kwa ufagio mpaka udongo ukamwagika sakafuni. Kisha akainama mlangoni, akashika kigoda, akakitoa nje barazani, akakiweka karibu na njia ambapo wapitao watampita kwa hatua mbili, akaketi.

Cansilde alirudi saa tano na beseni tupu kichwani, aandae chakula cha kupeleka gereji. Alipokata kona aliona kigoda nje, na mumewe juu yake, na mlango wazi, na ndani kabati limekaa katikati ya chumba. Alisimama. Hakuna aliyemweleza kitu, na hakuhitaji kuelezwa. Akateremsha beseni, akalibana kiunoni, akasogea mpaka kivuli chake kikamfikia mzee miguuni.

Sebagabo aliijua hatua ile kuliko hatua zote za dunia. Hata hivyo akainua uso.

"Nani iko hapo?"

"Ni mi," Cansilde alisema, akaketi chini karibu yake, kwenye ngazi ya baraza.

Wakakaa hivyo, wakingoja mtu apite.